Bibi Aliniachia Kopo la Pauni, Sasa Silali

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, nina mume na watoto watatu, naishi Kirumba hapa Mwanza na biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni. Naomba usitaje jina langu wala la ukoo wetu. Kwetu ni Ukerewe, na kisiwani watu tunajuana.

Bibi yangu mzaa baba alifariki miezi miwili iliyopita. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, na miaka yake mitatu ya mwisho aliishi kwangu. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemsikiliza usiku akiongea na watu waliokwisha kufa. Wiki tatu kabla hajatutoka, siku chache baada ya kurudi kutoka hospitali, aliniita chumbani kwake baada ya magharibi akaniambia nifunge mlango. Akatoa chini ya godoro kopo la zamani la Blue Band lililofungwa kwa kipande cha kanga. Maneno yake nayakumbuka yote: "Kaa nazo hizi. Wenzio hawatajua kuzitunza. Usimwambie mtu mpaka siku yake." Nikamuuliza siku gani. Akageukia ukutani, akasema amechoka. Sikumuuliza tena, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote.

Ndani mna pauni za dhahabu 19, zile zenye mtu juu ya farasi anapigana na joka. Mna na nusu pauni 4. Pauni mbili zimechomelewa kipete, nadhani Bibi alizivaa kwenye mkufu enzi za usichana wake. Halafu kuna moja ya peke yake: upande mmoja tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, upande mwingine tai na maneno ya Kijerumani. Ina mwaka 1916.

Tangu utotoni nilisikia kwamba babu alikuwa na duka Nansio na alinunua pamba, na kwamba msimu ukienda vizuri alibadilisha faida kuwa pauni. Alikuwa akisema noti zinaliwa na mchwa. Mwaka 1983, walipokuwa wakisakwa wahujumu uchumi, alilifukia kopo chini ya banda la mbuzi, na Bibi akaapishwa asiseme. Babu alifariki 1991. Baba yangu akafuata 2009. Waliobaki ni baba mkubwa na shangazi zangu wawili.

Siku ya arobaini, tukiwa tumekaa na majamvi hayajakunjwa, baba mkubwa aliuliza mbele ya watu: "Na zile pauni za mzee, Bibi hakusema aliziweka wapi?" Shangazi mkubwa akanitazama. Mimi nikainuka nikaenda kukusanya vikombe.

Tangu siku hiyo silali. Kopo nimeliweka kwenye ndoo ya unga, nikalitoa. Nikaliweka darini, fundi akaja kuziba paa, nikalitoa. Siku mbili nililificha ndani ya gunia la dagaa stoo, mpaka siku ya pili nikakuta vijana wanapakia magunia kwenye lori la Kongo. Nililitambua gunia langu kwa kamba tu. Miguu ilikufa ganzi.

Wiki iliyopita nilichukua pauni moja nikaenda kwa sonara mjini, kujua tu. Akaipima, ikasoma gramu 7.9. Akataja bei, kisha akaniuliza, "Unazo nyingine?" Nikasema hapana. Akatabasamu. Siku hiyohiyo mume wangu aliikuta kwenye pochi, ikabidi nimweleze. Yeye anasema Bibi amenipa kwa sababu nimemuuguza, kwa hiyo ni zangu, tuuze tununue injini ya mtumbwi na fedha itakayobaki tuboreshe stoo.

Mwezi ujao kuna kikao cha ukoo Nansio cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Sisi ni Waislamu. Najua kwamba mjukuu ambaye baba yake ametangulia harithi bibi akiwapo mtoto wa kiume. Je, mimi ni mwizi? Nikisema nitanyang'anywa? Nikinyamaza nitakuwa nimetii neno la Bibi au nitakuwa nimedhulumu? Na hadi hapo, hizi pauni niziweke wapi jamani?

Mjukuu asiyelala, Kirumba

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nimebadilisha mambo mawili matatu katika barua yako ili usitambulike kirahisi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoinuka kwenda kukusanya vikombe. Wengi wetu tumewahi kukusanya vikombe namna hiyo.

Nianze na jinsi ninavyokuelewa. Umeshika mali ambayo hujui kama ni yako. Aliyekukabidhi alikupa neno lisilo kamili, na amekwenda nalo. Umemuuguza, wenzako hawakumuuguza, na moyoni kuna sauti inayosema unastahili. Pembeni yake kuna sauti nyingine inayokuita mwizi. Katikati ya hizo mbili kuna hofu ya kawaida kabisa, kwamba kopo litapotea na hutakuwa na wa kumwambia.

Tuyarudie maneno ya Bibi polepole, maana nadhani umeyasikia kwa masikio ya mtu anayeogopa. "Kaa nazo hizi." Hakusema "nakupa", hakusema "zako". Wala hakusema "nitunzie" au "uwape wenzio". Kwa Kiswahili chetu mtu anaweza kukaa na kitu kwa sababu ni chake, au kwa sababu amewekewa amana. "Wenzio hawatajua kuzitunza" inaelekea kwenye utunzaji, lakini mtu anayetoa zawadi naye husema hivyo kueleza kwa nini amemchagua huyu. "Mpaka siku yake" ndiyo inayonifikirisha zaidi. Mali ambayo ni yako moja kwa moja haina siku ya kusemwa. Hata hivyo huenda alimaanisha siku wanao watakapokua, au siku utakapokuwa na shida. Mimi sijui. Wewe uliyemjua kwa miaka thelathini unaweza kujua zaidi yangu: alipokuwa akitoa zawadi, alikuwa anasemaje? Kanga alipokupa, alisema "kaa nayo"?

Maana tofauti hapa si ndogo. Ikiwa ni hiba, yaani zawadi ya mtu aliye hai, na ukaipokea mkononi akiwa hai, ni yako. Ila zawadi inayotolewa katika maradhi ya kifo, masheikh huihesabu kama wasia, na wasia haupiti theluthi moja ya mali yote. Wewe kwa kuwa si mrithi wake, wasia kwako unaruhusiwa ndani ya theluthi hiyo bila kuomba ridhaa ya mtu. Huenda Bibi alilijua hilo. Huenda alijua kwamba baba yako ametangulia na ninyi wanawe mtakosa, akatafuta mlango. Ikiwa ni amana, basi wewe ni mlinzi tu, na mlinzi anadaiwa kurudisha. Mimi si sheikh wala wakili, na majibu haya yana masharti yake, kwa hiyo mpelekee mtu wa elimu maneno yale yale ya Bibi, bila kuyaongeza chumvi upande wowote. Mwambie pia kwamba pauni ni 19. Kiwango cha zaka ya dhahabu ni gramu 85, na pauni 12 tu zinakipita, kwa hiyo naye atakuwa na swali lake kwako.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza. Baba mkubwa hakusema "pauni za mama". Alisema "zile pauni za mzee". Wewe nawe umeandika kwamba babu ndiye aliyezinunua na ndiye aliyezifukia. Babu alifariki 1991. Je, mirathi yake iligawanywa, au kopo lilibaki chini ya banda la mbuzi huku watu wakigawana duka na shamba?

Kama halikugawanywa, hesabu inabadilika mwanangu. Mke mwenye watoto ana thumuni, yaani fungu moja kati ya manane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Ukikata mali ya babu vipande 24, na kama warithi ndio hao uliowataja, Bibi ana 3, kila mtoto wa kiume 7, kila shangazi 3 na nusu. Mwaka 1991 baba yako alikuwa hai. Fungu lake halikutoweka alipofariki 2009, lilishuka kwa waliomrithi yeye, na ninyi wanawe mmo. Kwa njia hiyo Bibi asingeweza kukupa kopo zima hata kama angetaka, kwa sababu sehemu kubwa haikuwa yake. Wala wewe si mtu wa nje anayengoja huruma ya baba mkubwa. Umekuwa ukijiuliza kama zote ni zako au zote ni za wizi. Inawezekana sehemu ni haki yako ya siku nyingi, kupitia kwa baba yako, na nyingine ni ya shangazi ambaye alikutazama siku ile.

Sisemi ndivyo ilivyo. Labda babu alimpa mkewe pauni hizo akiwa hai. Zile mbili zenye kipete, kwa mfano, ningeshangaa kama hazikuwa za Bibi mwenyewe, zake za shingoni. Lakini hilo la 1991 ni swali la kuulizwa kabla ya swali lolote, na wenye jibu ni watu wale wale unaowakimbia.

Hapo ndipo nataka niseme juu ya siri. Babu alifukia kopo mwaka 1983 kwa sababu aliogopa. Mwaka ule watu walitupa bidhaa vichakani na ziwani usiku, na mwenye duka yeyote alikuwa na sababu ya kutetemeka. Akamwapisha mkewe. Miaka ikapita, hofu ile ikaisha, kiapo kikabaki. Bibi akakaa nacho zaidi ya miaka arobaini, kisha akakukabidhi pamoja na kopo. Unapohangaika na ndoo ya unga na dari, najiuliza kama unailinda dhahabu au unaendelea kulinda kiapo ambacho sababu yake ilishakwisha. Tena siri yenyewe imebaki na nini? Baba mkubwa anajua pauni zipo. Shangazi anahisi ziliko. Mumeo anajua. Sonara amekisia.

Una njia kadhaa na kila moja ina miiba. Ya kwanza ni kunyamaza. Usidhani itakuwa kama ilivyo sasa. Kikao cha ukoo kitaandika muhtasari, muhtasari utakwenda Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na msimamizi atakayeteuliwa anatakiwa kuwasilisha orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Ukimya wa leo ni wa mtu aliyeshikwa na majonzi. Orodha ikishapita bila kopo na wewe umekaa hapo, ukimya utakuwa na jina lingine. Na kitu kinachonitia hofu zaidi: zikiibwa wiki hii, nani ataamini kwamba ziliibwa?

Njia ya pili ni kusimama kikaoni na kulitaja kopo mbele ya wote. Ni ya ujasiri, lakini kikao chenye watu wengi kina midomo mingi, na habari ya dhahabu itavuka na kivuko cha jioni kabla yako. Pia utamfanya baba mkubwa alisikie kwa mara ya kwanza mbele ya hadhara, baada ya kuwa ameshakuuliza. Watu wazima huumia kwa hilo kuliko kwa mali.

Ya tatu ni kutangulia faragha. Kwa nani? Akili yangu inakwenda kwa shangazi mkubwa, kwa sababu ya lile jicho. Mtoto wa kike mkubwa mara nyingi huambiwa na mama yake mambo ambayo wa kiume hawaambiwi. Huenda anajua siku ambayo Bibi aliitaja. Ukienda, unaweza kuanza hivi: "Shangazi, Bibi aliniachia kitu na neno ambalo sikulielewa, naomba unisaidie kulielewa." Hapo hujakiri wizi, maana hujaiba, na hujadai umiliki. Hatari ipo. Anaweza kukasirika, anaweza kumpigia simu kaka yake kabla hujafika nyumbani. Wewe ndiye unayemjua. Kama unaona baba mkubwa ndiye mwenye busara zaidi, anza naye, pamoja na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote.

Mumeo nisimsahau. Anaiona familia yake, na injini si tamaa, ni kazi. Ila mwombe asimwambie mtu na asimtafute mnunuzi mpaka hili la umiliki lieleweke. Ukiuza mali yenye mgogoro, fedha huliwa, deni hubaki.

Haya, wapi pa kuziweka. Hapa sina mashaka kwamba lazima ufanye kitu wiki hii, ziwe zako au za ukoo, kwa sababu mwenye amana anayezembea hulaumiwa na aliyejitahidi husamehewa. Gunia la dagaa lisirudiwe tena kamwe!

Usiku mmoja watoto wakilala, zitandaze mezani juu ya kitambaa laini. Shika kila moja kwa ukingoni. Piga picha pande zote mbili, andika mwaka ulio juu yake, na uzito ukipata mizani ndogo ya gramu. Pauni kamili ina gramu 7.98 na upana wa milimita 22, dhahabu ya karati 22, kwa hiyo dhahabu safi ndani yake ni gramu 7.32. Ile 7.9 ya sonara inaelezeka kwa kuchakaa. Usizisafishe. Najua mkono utakwenda kwenye ndimu na majivu, au dawa ya meno, kwa mapenzi tu ya kumng'arisha Bibi. Dhahabu haishiki kutu, na mikwaruzo ya kusugua haifutiki. Kila moja itie kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi kavu, usitumie nailoni laini wala mpira wa kufungia, na tupia ndani vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana hewa yetu ya ziwani ina maji. Orodha iwe nakala mbili, na isikae pamoja na kopo. Picha zisipite kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la familia.

Kuhusu mahali penyewe, nenda kwenye tawi la benki yako uulize kama wana huduma ya kuhifadhi vitu vya thamani. Matawi mengine wanayo, mengine hawana. Uliza ada, uliza nani anaruhusiwa kufungua, na uliza kinatokea nini ukifariki. Kinachonivutia ni kwamba pengine mnaweza kuweka masharti ya saini mbili, yako na ya mtu wa upande wa pili, na hapo hakuna wa kumshuku mwenzake. Fahamu lakini kwamba benki haijui kilichomo ndani ya kasha, na Bodi ya Bima ya Amana inalinda fedha zilizo kwenye akaunti, hailindi kasha. Nyumbani, sefu inafaa tu ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Inayobebeka na watu wawili ni zawadi kwa mwizi. Kufukia kama babu sikushauri, mvua na vibarua hawatabiriki. Na usirudi kwa yule sonara, wala usimpe jina la mtaa wenu.

Ile yenye tembo iweke peke yake kabisa. Kama ni ya kweli, ilipigwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezibwa na vita na hawapati sarafu kutoka kwao, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ule ulioko Singida. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Uzito wake ni kama gramu 7.17 na dhahabu yake ni robo tatu tu, kwa hiyo sonara akiiyeyusha atakupa chini ya bei ya pauni, wakati wakusanyaji wa sarafu huitafuta na kuilipia mara nyingi zaidi. Za bandia nazo ni nyingi, hivyo usiipigie hesabu yoyote kabla mjuzi hajaiona. Ninapofikiria mgawo ndiyo inayonisumbua, kwa kuwa tembo hakatwi vipande. Labda ukoo utakubaliana ibaki nzima mahali pamoja. Labda hilo ndilo Bibi aliloliogopa aliposema hawatajua kuzitunza.

Barua yako imenionyesha mtu aliyemwogesha mzee kwa miaka mitatu. Usiku ukiwa mgumu, likumbuke hilo kabla ya kujiita jina baya. Kikao ni mwezi ujao, na vivuko vya Nansio vipo kila siku. Ukishaonana na shangazi, niandikie tena, hasa kama anajua Bibi alikuwa na maana ya siku gani.